Kusoma chuo kikuu ukiwa kazini, hadi kusema siku ya kolasio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Haya ndiyo maswali ambayo wafanyakazi wa Lubumbashi, huku Kongo (DRC), hutuletea kila mwaka, tangu siku wanapowaza kujiandikisha hadi usiku wa kuamkia kolasio, yaani mahafali. Walimu, wauguzi, mafundi wa kampani za migodi, polisi, makarani, mama wa biashara wa soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini): kazi zao mbalimbali, maswali yao yale yale. Tumeanza na mambo ya mwanzo. Kama umekwisha kujiandikisha, ruka hadi sehemu ya memwari, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, maana huko ndiko watu wazima wengi wanakokwama.

## Kuanza

1. Nimepita miaka arobaini. Chuo bado kitanipokea?

Kitakupokea. Hakuna umri wa mwisho wa kuingia chuo kikuu. Unachoombwa ni diploma ya Serikali (ile ya kumaliza sekondari), kitambulisho na minervali, yaani karo. Kama diploma yako ilipotea, anza na shule uliyomalizia na ofisi ya elimu ya jimbo, na uanze miezi kadhaa kabla ya mwaka wa masomo, kwa sababu karatasi hiyo haitoki kwa wiki moja.

Wengi hawaiogopi ofisi. Wanaogopa kuketi benchi moja na vijana walio rika la watoto wao. Woga huo huisha kwenye kazi ya kwanza ya kikundi. Vijana wana kasi ya kompyuta, nawe una mifano: profesa anapoeleza hesabu ya stoki au usafi wa wodi, anaeleza jambo uliloliona jana kazini.

2. Sasa ni miaka mingapi?

Katika mfumo wa zamani ulisoma miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta) ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022 una lisansi ya miaka 3 yenye krediti 180, halafu masta ya miaka 2 yenye krediti 120. Kila muhula una krediti 30.

Liangalie hili kabla ya kusaini chochote kazini: lisansi ya zamani ilikuja baada ya miaka 5 ya chuo, ya leo inakuja baada ya 3. Tangazo la kazi au la kupandishwa daraja likisema «lisansi» tu, uliza wanataka ipi.

3. Masomo ya jioni ni mepesi kuliko ya mchana?

Hapana, na anayekuambia hivyo anakupotosha. Krediti ni zile zile. Krediti moja huhesabiwa takriban saa 25 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani. Krediti 30 ni saa 750. Zigawe kwa muhula wa wiki 15: ni saa 50 kila wiki.

Sasa weka na kazi yako. Sheria ya kazi inaruhusu hadi saa 45 kwa wiki. Saa 45 na 50 ni 95. Wiki nzima ina saa 168, na ukilala saa 7 kila usiku zinaondoka 49. Zinabaki saa 24 kwa wiki kwa njia, kupika, watoto, kanisa na vilio (misiba). Hesabu hii haitishi mtu bure, inaonyesha kwamba huwezi kusoma peke yako. Kuna mtu nyumbani ambaye itabidi afanye yale uliyokuwa ukifanya. Zungumza naye kabla ya kujiandikisha, kwa jina la kila kazi: nani atawapeleka watoto shule, nani atakwenda kuwakilisha kwenye kilio, nani atasonga bukari (ugali) siku ya Jumanne. Ahadi ya jumla kwamba «tutasaidiana» haifiki muhula wa pili.

Faida moja ya LMD kwa mfanyakazi ni kwamba krediti uliyoipata inabaki kuwa yako. Ukishindwa somo moja, unarudia hilo, hurudii yale uliyofaulu. Kwa hiyo, ukiona muhula umekulemea, ni afadhali ufaulu masomo machache vizuri kuliko kuyagusa yote na kuanguka.

4. Nilimaliza gradua zamani. Naanza upya?

Si lazima. Fakulti hutazama relevé (karatasi) ya alama zako, somo kwa somo, kisha huamua unaingia mwaka gani na masomo gani utayaongeza. Vyuo havifanyi uamuzi mmoja, na hata fakulti mbili za chuo kimoja zinaweza kutofautiana. Omba jibu kwa maandishi, lenye muhuri, kabla ya kulipa hata franka moja. Jibu la mdomo la karani wa dirishani halikulindi akihamishwa.

5. Nitajuaje kama chuo kinatambuliwa?

Vyuo vya Serikali havina shida hiyo: UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) imefundisha tangu 1956, na tunazo ISP (chuo cha ualimu), ISC (chuo cha biashara) na nyingine. Kwa chuo cha binafsi, uliza mambo mawili. La kwanza, namba ya amri iliyokiruhusu kufundisha fakulti unayoitaka, si chuo kwa ujumla tu. La pili, kama diploma za waliomaliza zimethibitishwa na wizara ya elimu ya juu. Mtafute mtu aliyemaliza pale miaka mitatu iliyopita, umwombe akuonyeshe diploma yake kwa macho. Kama bado anatembea na atestasyo (cheti cha muda) tu, umejibiwa.

## Kazi, nyumba na pesa

6. Mwajiri analazimika kunipa siku za mitihani?

Sheria ya kazi ya 2002 inataja siku za ruhusa kwa ndoa, kuzaliwa kwa mtoto na kufiwa. Mitihani haimo. Ulicho nacho kwa haki ni likizo ya mwaka, ambayo kwa mtu mzima ni angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima wa utumishi. Itunze kwa ajili ya mitihani. Najua maana yake: mwaka hadi mwaka hutapumzika, na watoto hawatakuona likizoni. Hilo nalo ni la kuzungumzwa nyumbani mapema.

Isitoshe, mwandikie bosi barua mwanzoni mwa mwaka, ukiweka ratiba ya chuo ndani yake, upendekeze namna utakavyofidia saa. Mkubwa wa kazi hukasirika zaidi kushtukizwa kuliko kuombwa. Usimfiche: mji wetu ni mdogo, na atasikia kwa mtu mwingine.

7. Nafanya kazi kwa zamu huko Likasi au Kolwezi. Inawezekana kweli?

Inawezekana kwa masharti. Likasi iko karibu kilomita 120, Kolwezi kama 300, kwa hiyo hakuna kurudi kila jioni. Wanaofaulu ni wale wenye mwenzao darasani anayewatumia picha za ubao na sauti ya mafunzo usiku huo huo, na wanaopanga zamu yao ya mapumziko iangukie kwenye mitihani. Masomo yenye maabara au stage (mazoezi ya kazi) hospitalini hayakubali mpango huu. Kwa hayo, uliza kwanza kama unaweza kuhamishiwa kituo cha Lubumbashi, hata kwa muda.

8. Mimi ni mke wa mtu. Nahitaji ruhusa ya mume ili kujiandikisha?

Kisheria, hapana. Sheria ya familia ya 1987 ilimdai mke ruhusa ya mume kwa mambo mengi, lakini marekebisho ya Julai 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Ofisi yoyote ikikuomba barua ya mume, inakuomba kitu kisichodaiwa tena.

Ila unarudi kulala nyumbani, si kwenye kitabu cha sheria. Tumeona kwamba mume akiijua hesabu ya saa (swali la 3) tangu mwanzo, akaonyeshwa chuo, akawajua wenzako wa kikundi, maneno hupungua. Wasiwasi mwingi wa waume ni juu ya saa nne ya usiku: uko wapi, na nani, unarudi na nini. Jibu maswali hayo kabla hajayauliza. Nawe mume unayesoma, mkeo ana haki ya maelezo hayo hayo.

9. Minervali nitaipata vipi?

Likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu. Wafanyakazi wengi huiomba zamu yao iangukie mwezi wa kulipa awamu, na hilo linafanya kazi kuliko mkopo wenye riba. Lipia benki tu, na ile bordero (risiti ya benki) uipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wake hufutika na siku ya kolasio ndipo utaulizwa malipo ya mwaka wa kwanza. Weka pia akiba ya memwari, kuchapisha na toga (joho). Hizo ndizo gharama zinazokuja mwishoni, mfuko ukiwa umechoka.

10. Umeme ukikatika?

Soma alfajiri, si usiku, na uchaji simu na taa kazini. Pakua masomo ukiwa na mtandao.

## Memwari

11. Kwa nini watu wazima wengi hukwama hapa?

Kwa sababu masomo yana kengele na memwari haina. Darasani kuna ratiba, wenzako, mtihani wenye tarehe. Memwari ni wewe na mkurugenzi wako, yaani profesa anayekusimamia, naye ana wanafunzi wengi na safari nyingi. Wiki moja ya zamu za usiku inapita, kisha msiba, kisha mwezi, halafu unaona aibu kumpigia profesa, na aibu inakuwa mwaka. Tunawajua watu waliofaulu masomo yote na kubaki miaka bila diploma kwa ajili ya kurasa chache tu.

Dawa tunayoiamini ni hii: siku moja ya wiki, saa ile ile, ukurasa mmoja, na mtu mmoja wa nyumbani ambaye kazi yake ni kukuuliza «ukurasa uko wapi?» Mtoto wa miaka kumi na miwili hulifanya vizuri sana, hasahau wala haoni haya. Kwa mkurugenzi, usiende kusalimu mikono mitupu. Mpelekee sura iliyochapwa, hata kama ni mbovu, apate cha kusahihisha.

12. Nichague mada gani?

Ile iliyo mikononi mwako kila siku. Muuguzi wa kituo cha afya cha Katuba ana rejista ya wagonjwa: akihesabu homa za malaria za watoto, mwezi kwa mwezi, kati ya majira ya mvua na kiangazi, tayari ana sura ya tatu. Mwalimu ana daftari la mahudhurio. Karani wa duka la vipuri ana kadi za stoki. Kijana asiye na kazi atahangaika wiki nyingi kutafuta takwimu, nawe unazifungia kabatini kila jioni.

Lakini takwimu za kazini si mali yako. Omba ruhusa ya maandishi, ondoa majina ya wagonjwa na wateja, na kwa kampani za migodi usiguse kiasi cha uzalishaji wala mikataba bila barua. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa jedwali moja.

13. Kuna mtu anayeandika memwari kwa pesa. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, na nasema bila kupunguza. Jury, yaani jopo la walimu watakaokupima, itakuuliza ulihesabuje, nawe hutajua. Mwandishi wa kukodi huuza kazi moja kwa watu watatu. Na hata ukipita, utakuwa umewanyima wale waliokubebea saa zako kitu walichokilipia. Kumlipa mtu akupigie maandishi kwenye kompyuta au akusahihishie Kifaransa ni jambo jingine, hilo halina lawama.

14. Siku ya kutetea memwari, niwaalike watu?

Waalike, wachache. Poda ya kukumwagia kwa furaha ije, lakini ikae mfukoni hadi jury itangaze alama na mtoke nje. Poda ikimwagika ukumbini, anayefuata kutetea ndiye anayeteseka. Mtu ambaye hatakiwi kukosa ni yule aliyekuwa akikuuliza ukurasa uko wapi.

## Kolasio na hotuba

15. Nani huchaguliwa kusema kwa jina la wenzake?

Mara nyingi ni mwenye alama za juu, au yule ambaye kamati ya finalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho) imempendekeza na uongozi ukamkubali. Mfanyakazi mwenye alama ya kawaida anaweza kupendekezwa. Ukitaka, sema mapema kwa kamati. Watu wazima hukaa kimya kwa heshima na nafasi inapita. Nadhani ni hasara: ukumbi umejaa familia zilizobeba masomo, na anayejua uzito huo ni yule aliyebebwa.

16. Hotuba iwe ndefu kiasi gani?

Dakika nne. Kwa mwendo wa kusikika vizuri hayo ni maneno kama 500, ukurasa mmoja na nusu. Uongozi ukikupa dakika kumi, toa nne. Kabla yako kuna wimbo wa taifa, hotuba ya rekta (mkuu wa chuo) na majina ya kila fakulti, na kuna watoto wenye njaa.

Chapisha kwa herufi kubwa, weka namba za kurasa, zibane. Mikono ya toga ni mipana na hufagia karatasi mezani. Hotuba usiiweke kwenye simu: kioo kikizima juani, umebaki peke yako. Soma kwa sauti nyumbani mara kadhaa, umesimama.

17. Niseme kwa Kifaransa au Kiswahili?

Kwa zote mbili, na kila moja mahali pake. Kifaransa ndicho lugha rasmi na uongozi unakitegemea. Lakini Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na nusu ya ukumbi inakiongea nyumbani. Mama aliyeuza makala (makaa) Ruashi ili ulipe awamu ya pili anastahili kuelewa sentensi inayomhusu bila mtu wa kumtafsiria sikioni. Mpe rekta nakala mapema, ukionyesha aya ya Kiswahili. Sisi hatujaona ikikataliwa ilipoombwa kwa adabu.

Kuhusu vyeo: wataje wawili au watatu wa juu, kisha «itifaki imezingatiwa», uendelee. Usikosee mpangilio wao. Mkuu wa protokoli wa chuo atakuandikia ukimwomba.

18. Niseme nini basi?

Taja watu kwa yale waliyofanya. Ile sentensi ya «wote waliotusaidia kwa karibu na kwa mbali» haimshukuru mtu yeyote, na imesikika katika kila kolasio. Waulize wenzako kumi swali moja: nyumbani kwako nani alifanya nini ili usome? Utapata vitu ambavyo usingevitunga. Chagua vitatu, usitaje majina, na kila familia ukumbini itajiona.

Aya ya Kiswahili inaweza kuwa hivi:

«Mama zetu na baba zetu mlioketi huko nyuma, maneno ya kwanza tumewaambia maprofesa, haya ni yenu. Mlituwekea bukari chini ya sahani mpaka saa nne ya usiku. Mlikwenda kwenye vilio ambako sisi hatukufika, mkasema "yuko kazini, anasoma", na watu wakanuna. Nanyi watoto, mliambiwa nyamazeni, mama anasoma, mkanyamaza, na wengine wenu mlilala mezani mkitungoja. Aksanti sana. Tunawaomba msimame, tuwaone.»

Nyamaza hapo. Acha wasimame, acha vigelegele vipigwe, usiongee juu yake. Kisha rudi kwenye Kifaransa kwa sentensi chache za ahadi na ushuke.

Mwajiri aliyekusaidia umtaje kwa jumla, kwa mstari mmoja. Hotuba ya finalisti si tangazo la kampani.

19. Nikilia?

Utangoja kidogo, utakunywa maji, utaendelea. Sentensi inayokuliza unaijua tangu mazoezi: iandike mwanzo wa ukurasa, si mwisho, ili ukigeuza upate pumzi. Mpe pia mwenzako nakala, asimame karibu.

20. Naweza kusema malalamiko, kwa mfano minervali kupanda au mishahara kuchelewa?

Sentensi moja ya kweli, kwa heshima, inapokelewa: kwamba wapo wenzetu waliotakiwa kuwa hapa leo na hawakufika kwa kukosa awamu ya mwisho. Hiyo ni haki yao, na ukiwa na nafasi ya kusema, wataje. Orodha ya madai peleka ofisini kwa barua. Wazazi waliosafiri kutoka vijijini hawakuja kusikiliza ugomvi wetu.

## Hali za pekee

21. Jina langu si moja kwenye karatasi zote.

Ni jambo la kawaida kwa waliozaliwa baada ya 1972, mwaka majina ya ubatizo yalipoondolewa kwenye karatasi na posti-nomu (jina la nyongeza la Kiafrika) ikachukua nafasi. Diploma ya Serikali ina majina mawili, kadi ya mpiga kura ina matatu, kazini unaitwa kwa la ubatizo. Chuo hufuata diploma ya Serikali. Ukitaka jina liongezwe au herufi isahihishwe, pita kwanza mahakamani upate hukumu, kisha ulete nakala chuoni kabla orodha ya finalisti haijafungwa. Baada ya diploma kuchapishwa, kazi hiyo inakuwa ndefu mara nyingi zaidi. Orodha ikibandikwa ukutani, isome herufi kwa herufi.

22. Alama zangu za zamani zimeandikwa Zaire, Shaba, au UNAZA. Zinafaa?

Zinafaa. Chuo cha Lubumbashi kilikuwa kampasi ya UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire) kuanzia 1971 hadi 1981, na jimbo liliitwa Shaba hadi 1997. Jina la nchi kubadilika hakufuti alama. Peleka karatasi yenyewe ionekane, wabaki na nakala iliyothibitishwa. Kuhusu mwaka utakaoingia, tazama swali la 4.

23. Nimepangiwa zamu siku ya kolasio, au niko mbali. Nitapoteza diploma?

Hapana. Ulifaulu siku jury ilipotangaza. Kolasio ni sherehe ya kukupa daraja hadharani. Andika barua kwa sekretari mkuu wa masomo, utaje sababu, na umpe ndugu idhini iliyosainiwa kama atakuchukulia karatasi. Omba atestasyo na relevé ya alama mara moja, maana diploma yenyewe inaweza kuchelewa hata kwa waliohudhuria, na ofisi ya kazi itakuomba hizo kwanza.

Ila kabla ya kuandika barua hiyo, jaribu kubadilishana zamu na mwenzako. Mwambie ni kolasio. Lubumbashi hapa, watu wengi hukubali wakisikia hivyo.